Mkono Kwenye Koti la Boila

Baada ya kumzika Baba, sanduku lake la spana lilikaa kwenye chumba changu cha kufulia hapa Merrylands, nami nikawa nalizunguka kila nilipoingia kufua. Sikutaka kulifungua kwa sababu nilijua kitakachotoka humo: harufu ya mafuta ya kitani, nzito, tamu kidogo, ya kitu kilichonusurika kuungua. Wenzangu mnawakumbuka baba zenu kwa sabuni, kwa tumbaku, kwa jasho la zamu ya usiku. Wangu alinukia hivyo. Siku nilipolifungua hatimaye nilikaa sakafuni karibu na mashine nikalia kwa sauti, mpaka mwanangu akaja kusimama mlangoni akauliza, "Mum, what's that smell?"

Ndani mlikuwa na nyundo zake, misasa iliyokunjwa vizuri, matambara, na kopo la mafuta ya mgando, yale ya kujipaka mwilini, limebakiwa na mafuta kidogo pembeni. Kopo lilinishangaza. Baba hakuwa mtu wa kujipaka mafuta. Mikono yake nilivyoijua mimi ilikuwa imepauka siku zote kama ya mtu aliyetoka kuchanganya saruji. Nikasema labda uzee ulimtia adabu, nikalirudisha mahali pake.

Wiki hiyohiyo Mzee Ron akanipigia simu. Ron ndiye mkubwa wa banda la treni za mvuke ambako Baba alikwenda kila Jumamosi tangu nikiwa mdogo, na sasa ni mzee wa kutembelea fremu ya magurudumu. Akasema boila ya injini yao inakaguliwa, koti lake limevuliwa lote, na kuna kitu ambacho lazima nije nikione kabla halijarudishwa. Nikamwambia nitaangalia nafasi. Sisi tukisema hivyo maana yake ni hapana, ila Ron, maskini, hakujua. Banda lile sikuwa nimelikanyaga tangu mwaka aliokufa Mama, na sikuwa na nia ya kulikanyaga tena.

Wakati huo tuliishi Liverpool, si ile ya mpira bali kitongoji cha jiji hilihili, ghorofa ya juu ya jengo la matofali mekundu karibu na reli: Baba, Mama na mimi. Kule Kalemie, Kongo, kabla vita havijatutoa, Baba alikuwa fundi wa mabati kwenye karakana ya reli. Huku alipanga maboksi ghalani, Ingleburn, zamu ya usiku. Mama alifua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi Kiswahili nilikielewa chote na nilijibu kwa Kiingereza, na Mama alipenda kuwaambia wageni kwamba amezaa mzungu, ila huyu aliungua kidogo sufuriani.

Jumamosi moja nilimsindikiza Baba kwenda kuchukua jaketi alilosahau kazini. Tulibadilisha treni Glenfield, tukashuka Ingleburn, tukawa tunatembea kati ya maghala yanayofanana, ndipo filimbi ya mvuke ikalia nyuma ya uzio. Baba alisimama katikati ya njia. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka namna ile. Jaketi likasahauliwa mara ya pili. Tulifuata sauti hadi kwenye banda lenye lango wazi, ndani mna wazee wa Kizungu waliovaa ovaroli, na Baba akasema kwa Kiingereza chake cha wakati ule, "I work this, before," akiwaonyesha viganja vyake. Ron, dereva wa basi mstaafu mwenye masikio makubwa, alimtazama kidogo, akampa nyundo. Kuanzia hapo Jumamosi zetu zikawa za banda.

Watu wengi hawajui kwamba boila ya treni, lile pipa kubwa la kuchemshia maji yawe mvuke, huvaa koti. Juu ya chuma chake kizito huwekwa kitu cha kuzuia joto lisipotee, na juu ya hicho hufungwa mabati membamba, na hayo ndiyo watu huyaona na kuyasifia. Injini nyingi koti lao hupigwa rangi nyeusi, mambo yakaisha. Lakini hii ya Ron, injini fupi iliyoagizwa Marekani enzi za mababu zao, ilikuja na koti lisilopigwa rangi kabisa, la chuma walichokiita cha Urusi, kinachong'aa chenyewe. Namna ya kukitengeneza ilipotea pamoja na waliokuwa wakikitengeneza. Ilijulikana tu kwamba mabati yalipangwa na unga wa mkaa katikati, yakachomwa, yakagongwa kwa nyundo mpaka yakatoa ngozi mpya. Ron alikuwa na kipande kimoja cha lile koti la zamani, kidogo kama kadi ya benki, kilichosalimika chini ya mkanda wa shaba, na wazee wale walikuwa wameapa kwamba injini itavaa tena koti kama hilo kabla wao hawajafa.

Basi ungesikia ugomvi wao! Kipande kile kilikuwa kama kioo. Kilichukua rangi ya chochote kilicho juu yake. Ukikitoa nje ni bluu, ukisimama nacho chini ya mikalitusi ni kijani, ukikirudisha bandani ni kijivu. Kila mzee aliapa kwa macho yake. Baba naye alikuwa na rangi yake, na alibisha kwa Kiswahili pale Kiingereza kilipomwishia. Mama alizoea kuja mchana na bakuli la sombe, majani ya muhogo, na samaki kwa ajili yetu. Siku moja alikishika kile kipande kwa ncha za vidole, akakigeuzageuza, akasema, "Hii ni shingo ya njiwa, basi. Mukule, chakula inapoa." Baba akawatafsiria. Wakacheka, na tangu hapo hilo ndilo likawa jina la rangi, hata kwa Kizungu.

Kuipata ndiyo ikawa kazi. Walikuwa na tanuri la gesi lililotoka kwenye kiwanda cha mikate kilichofungwa. Bati lilisuguliwa kwa msasa mpaka likawa jeupe, likapanguswa kwa spiriti, likaingizwa humo. Mimi niliruhusiwa kuchungulia kwenye kidirisha. Rangi zilikuja zenyewe, kwanza njano ya chai isiyo na majani ya kutosha, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu, na baada ya bluu kijivu. Likitoka, likiwa bado la moto, Baba alilipaka mafuta ya kitani yaliyochanganywa na unga wa mkaa, akalisugua kwa tambara mpaka moshi ukaisha. Likitoka na madoa, wanaanza upya. Likitoka bluu kama bomba la jiko, wanaanza upya. Kuna moja lilishika kutu hata kabla hatujamaliza kula.

Sheria ya banda ilikuwa hii: kabla ya moto, mkono mtupu usiguse bati. "Mikono iko na mafuta," Baba alinieleza, akinivisha glavu zilizonifika viwikoni. "Mafuta ikiingia mu moto, inaandika. Haitoke tena mupaka usugue yote."

Sasa, nyumbani kwetu mafuta yalikuwa sheria pia, ila ya upande mwingine. Kila nilipotoka kuoga Mama alinikamata kabla sijavaa, akachota mafuta ya mgando kwa vidole viwili, akanipaka kuanzia paji la uso hadi nyayo, akirudia magoti na viwiko. Nililalamika kwamba nateleza, kwamba shuleni hakuna anayeng'aa kama mimi. Hakujali. "Batu bakikuona umepauka, batasema hauna mama," alisema. Aliyasema kila siku, bila uzito wowote, kama mtu anavyosema funga mlango, na kopo alilibeba kwenye mkoba popote tulipokwenda.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo mkavu. Mama alikuta magoti yangu yamekuwa meupe kwa vumbi la banda, akanivuta pembeni, akachuchumaa, akanipaka. Nyuma yake, juu ya meza, kulikuwa na bati lililokwisha kupanguswa, linangoja tanuri lipate moto. Aliinuka, akayumba. Nilimwona akitafuta kitu cha kushika. Mkono wake ukaangukia katikati ya bati ukabaki hapo, vidole vimetawanyika, yeye akivuta pumzi macho ameyafumba. Halafu akautoa, akaweka kidole mdomoni kunionya nisiseme, akitabasamu, kwa sababu sote wawili tuliijua sheria. Bati lilionekana safi vilevile. Baba akaja na glavu zake akaliingiza tanurini.

Lilitoka shingo ya njiwa. Baada ya miezi yote ile lilitoka tu, bluu na kijani na kijivu zikipishana juu yake, na wazee wakasahau umri wao wakapiga kelele. Kisha wakainama kulitazama. Katikati ya bati palikuwa na mkono wa kahawia, vidole vitano wazi, mpaka lile kovu la Mama la kidole gumba, alilokatwa na kopo la samaki kwenye kambi ya wakimbizi, lilionekana. Baba akautazama mkono, akamtazama mwenye mkono. Nilijua atakasirika. Mama akacheka, amejiziba mdomo. "Sasa niko mu treni," alisema. "Munibebe." Ndipo damu ikaanza kumtoka puani, ikadondoka kwenye kitenge chake, ikakataa kukatika mpaka ambulensi ikaja.

Ugonjwa ulikuwa wa damu yenyewe. Mimi sikuambiwa, au niliambiwa kwa ile namna wanayoambiwa watoto, ambayo ni sawa na kutoambiwa. Nilichokuwa nacho ni macho yangu. Nilikuwa nimeona mkono wa Mama ukiingia motoni, na jioni ileile Mama akawa wa moto mwili mzima. Nilipopelekwa kumwona hospitalini, nilikuta zambarau nyuma ya mkono wake, pale palipoingia sindano ya dripu. Nilipokwenda tena, palikuwa na bluu. Zilitokea nyingine viwikoni, na kwenye miundi, njano na kahawia na zambarau, rangi zilezile nilizozichungulia kwenye kidirisha cha tanuri, na nilijua kwamba zikianza haziachi mpaka zifike kijivu. Sikuhitaji daktari wa kunieleza. Sehemu ya Mama ilikuwa imenasa kwenye lile bati na ilikuwa bado inaungua.

Dawa yake niliijua pia. Bati likiharibika husuguliwa kwa msasa mpaka rangi yote itoke. Nilimwambia Baba jikoni, akiwa anamenya kitunguu.

"Just rub it off, Baba. Then she'll get better."

Aliweka kisu chini. "Ile bati hatuigusi," akasema.

"But it's burning her!"

"Hatuigusi, mutoto yangu. Usiniulize tena."

Nilimuuliza tena. Nilimuuliza asubuhi akirudi kazini na macho mekundu, nilimuuliza ndani ya lifti ya hospitali mbele za watu. Jumamosi tuliyokwenda bandani niliona bati limeondolewa kwenye rundo la kusuguliwa upya; lilikuwa nyuma ya kabati la Ron, limefunikwa blanketi. Baba alikuwa analificha. Angeweza kumponya Mama kwa kipande cha msasa na hakutaka. Nilimchukia kwa ile chuki kamili ambayo ni mtoto tu anaiweza. Niliacha kumwamkia. Alipojaribu kunipaka mafuta baada ya kuoga, mikono yake ikanikwaruza, nikamsukuma nikakimbilia chumbani nikafunga mlango. Nilimsikia amesimama nje na kopo mpaka akaondoka.

Basi nikapauka. Auntie Wambui, nesi Mkenya aliyeishi chini yetu na aliyekuwa akinilaza Baba akienda zamu, alinitazama miguu siku moja akashika kiuno. "Woiye! Kuja hapa, mami. Umekauka hivi aje?" Nikamkatalia naye. Mafuta yalikuwa kazi ya Mama, na nilitaka Mama aje aifanye.

Sijui madaktari walimwambia Baba nini wiki ile. Ninachojua ni kwamba Jumamosi iliyofuata aliniamsha yeye mwenyewe akasema nivae, twende tukasugue. Bandani alikuwepo Ron peke yake, naye alipotuona akajifanya anatafuta kitu uani. Bati lilikuwa mezani. Baba akaondoa blanketi, akanipa msasa na chombo cha maji, akanionyesha namna ya kusugua kwa mstari mmoja bila kuzungusha.

Nilipoutazama ule mkono nikaogopa. Ulikuwa umekua. Vidole vilikuwa vinene, kiganja kipana, na kovu halikuonekana tena. Nilidhani ugonjwa umeuvimbisha, kwamba tumechelewa na sasa unataka kulila bati zima.

"It's got bigger," nilisema.

Baba alisimama upande wa pili wa meza, mikono ameiweka nyuma, akinitazama.

Nilisugua. Maji meusi yalitiririka mezani yakanidondokea viatuni. Nilikwenda kidole kimojakimoja, na kila kimoja kilipoisha nilihisi Mama kule alipo anapata pumzi. Vidole vyangu vikachubuka. Baba akanyoosha mkono wake anisaidie, nikamwambia no, I have to do it, akaurudisha nyuma. Nilipomaliza palibaki pa kung'aa, hapana hata alama. Baba akaninyanyua akaniweka begani, mtoto mkubwa mimi wa kuning'iniza miguu, akanibeba hivyo hadi stesheni. Kifua chake kilikuwa kinatikisika. Nilidhani anacheka kwa furaha, na kwa mara ya kwanza tangu Mama augue nikamkumbatia shingo.

Tulikwenda moja kwa moja hospitalini. Mama alikuwa amefungwa kilemba, mdogo kitandani kuliko nilivyomwacha. Nikapanda ubavuni pake nikamwambia sikioni, "I rubbed it all off, Mum. Every finger. You can get better now."

Akamtazama Baba juu ya kichwa changu. Walitazamana, Baba akatikisa kichwa kidogo, polepole, kuashiria hapana. Nikadhani anamwambia asichoke kwa kuongea. Mama akafumba macho, akayafumbua, akasema, "Aksanti, mutoto yangu. Ni kweli, nasikia moto imetoka."

Halafu akaona magoti yangu. Akapitisha ukucha juu ya ngozi, ukaacha mstari mweupe. "Lakini wewe," akasema, "batu batasema nini?" Akaomba mkoba wake. Baba akamfungulia kopo kwa sababu vidole vyake havikuweza. Akanipaka goti moja, akapumzika, akanipaka la pili. Viwiko hakuvifikia. Nilikwenda nyumbani siku ile nimepakwa magoti tu, na nilikataa kuoga ili mafuta yasitoke.

Alikufa kabla ya Jumamosi nyingine. Auntie Wambui ndiye aliyenifuata shuleni, amevaa sare zake za kazi. Alipiga magoti pale kwenye lami ya uwanja wa kuchezea akanishika mashavu. "Mummy amepumzika, mami," akasema, "pole, pole sana." Nikamweleza kwa upole, kama mtu mzima, kwamba amekosea, haiwezekani, kwa sababu niliusugua wote.

Miaka ilipopita nikapata akili ya kujua kwamba damu ni damu na bati ni bati. Hapo ndipo nilipoumia upya, na vibaya zaidi. Tulitoka Kongo bila chochote. Picha za Mama zilikuwa chache, na nyingi ni za kambini, za watu waliosimama mstari. Mkono ule ndio ulikuwa kitu chake kamili, na kovu lake, na vidole vyake alivyonipakia mafuta. Nilikuwa nimeufuta mimi, kwa bidii, kidole kimojakimoja. Na Baba alisimama pale akanitazama. Hilo sikuweza kulimeza. Mtu mzima anayejua mambo anampaje mtoto msasa?

Hatukuligusia kamwe. Tulikula pamoja, tukagombania rimoti, alilia kwenye harusi yangu mpaka akawachekesha watu. Yeye aliendelea na Jumamosi zake. Koti lilipokamilika na injini ikatolewa nje mbele za watu, nilisema nina mtihani. Kila mwaka alinikaribisha, kwa aibu fulani, "Uje uone treni," nami kila mwaka nilikuwa na jambo. Kisha akaanguka, akakaa kitandani miezi, hana tena uwezo wa kusema, akafa.

Nilikwenda bandani kwa sababu Ron alipiga tena, na tena. Nilibeba lile sanduku la spana nimwachie yeye, nyumba yangu ipumue. Injini ilikuwa imesimama uchi, na mabati ya koti yameegemezwa ukutani kwa mpangilio. Nitasema ukweli, yalikuwa mazuri. Mlango ulikuwa wazi na mikalitusi ya nje ilikuwa inatembea juu yake. Ron hakunipa muda wa kuyatazama. Alinipeleka kwenye bati dogo lililokaa peke yake juu ya meza, mfuniko tu wa ubavuni, wenye skrubu pembeni, unaofunguliwa kila boila inapooshwa. Akaligeuza upande wa ndani.

Mkono wa Mama ulikuwa pale. Vidole vitano, na kovu kwenye kidole gumba.

"Niliusugua," nilimwambia. Nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya mtoto. "Ron, niliusugua mimi mwenyewe, hapahapa."

"Ulisugua wa baba yako," akasema Ron. Aliongea kwa Kiingereza, polepole, akiwa ameshikilia fremu yake. "Alijipaka mafuta, akauweka kwenye bati jingine, tukalichoma. Mara ya kwanza alijaribu kuubana uwe mdogo kama wa mama yako, ukatoka kama mguu wa bata. Nikamwambia, rafiki yangu, mtoto atajua. Akasema mtoto anaungua, lazima apewe kitu cha kusugua." Akanionyesha bati lililokuwa mezani. "Huu tukaukata tukaufunga hapa, ndani, kwenye joto. Mama yako alisema anataka kupanda treni, si ndiyo? Baba yako alitaka kukuonyesha kila mwaka. Alisema siku utakayouliza, atakuleta."

Sikuwahi kuuliza. Nilikaa kwenye kiti cha mtu nikauona tena mkono ule mnene, na Baba upande wa pili wa meza, mikono yake nyuma ili nisije nikaufananisha. Alinipa mkono wake niufute, akasimama akanitazama nikiufuta, akanibeba begani hadi stesheni akilia. Nilimnyima neno moja miaka yote ile, na sasa hakuna wa kumwambia.

"Kila tulipoosha boila," Ron aliendelea, "alikuja na kopo lake, akaupaka ule mkono. Anaongea nao kwa lugha yenu. Sisi tulikuwa tunakwenda kunywa chai." Akalitazama lile bati. "Tangu augue hakuna aliyeugusa. Tuliona si mahali petu."

Ilionekana. Pembeni mwa kiganja palikuwa pamefifia, na kwenye kovu kutu ilikuwa imeanza, nyembamba kama unga. Mkono ulikuwa umepauka.

Nilifungua sanduku, harufu ya Baba ikatoka, nikaiacha itoke. Nikachukua kopo. Ron akajifanya anatafuta kitu uani. Nilichota kwa vidole viwili kile kidogo alichobakisha, nikaanza kwenye kiganja, nikapanda kidole kimojakimoja, nikirudia penye kovu mpaka kutu ikalainika na mkono wote ukang'aa. Watakaofungua koti hili baada yetu wasije wakasema hana mtoto.